Ganda la masega ya ekzosi tunalotengeneza wenyewe Gerezani, Dar es Salaam: shajara ya mradi

11 Januari 2025: tunaanzia wapi

Wakuu, naanza kuandika huu mradi ili atakayetaka kuiga asipite nilipopita mimi, kila hatua ikiisha nitaongeza hapa hapa. Gari ni Noah ya petroli ya shemeji, anapakia abiria Gongo la Mboto kwenda Chanika. Wiki iliyopita ganda (bati la nje) la masega, kile kipande cha kauri chenye vitundu vingi ndani ya ekzosi kinachopunguza sumu ya moshi, limetoboka kwenye mshono wa chini, kutu imelila kuanzia ndani kuja nje, gari inanguruma mtaa mzima na harufu inaingia mpaka siti za nyuma. Fundi wa kwanza kuliona akasema kile wanachosema karibu wote hapa mjini, toa masega, pitisha bomba, maisha yaendelee. Nimekataa. Masega yenyewe ni mazima kabisa, ukimulika tochi upande mmoja unaona mwanga upande wa pili kwenye kila kitundu, kilichokufa ni bati la nje tu. Sasa utupe kitu kinachopunguza sumu ya moshi kwa sababu nguo yake imechanika? Foleni ya Buguruni madirisha ya daladala yako wazi na watoto wa shule wamesimama usawa wa bomba la moshi, hewa hiyo tunaivuta sote.

Kwa nini lilioza: petroli ikiungua inatoa maji, lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji. Gari ikiwa na moto mkali yanatoka kama mvuke, ila safari fupi fupi za kusimama kila kituo yanagandia ndani ya ekzosi ambayo bado ya baridi, yanachanganyika na uchafu wa moshi yanakuwa na asidi, yanashuka chini. Na mshono wa hili ganda uko chini kabisa, yaani maji yalikuwa yanalala juu yake kila usiku.

Lengo: ganda ambalo fundi mwenye mashine ya kuchomelea, grainda na drili analitengeneza bila presi ya kiwandani, na lidumu.

18 Januari: ganda la kwanza

Wazo langu lilikuwa jepesi, la zamani lilitoboka kwa sababu bati ni jembamba, basi weka nene. Nimenunua kipande cha pleti ya milimita 3, chuma cha kawaida, shilingi 22,000. Tumekunja juu ya bomba nene kwa nyundo, jasho limetoka kweli kweli. Masega yale yale ya zamani tumeyazungushia pamba ya kioo ile inayowekwa kwenye sailensa (10,000), vijiti vya kuchomelea 8,000, ufundi 20,000. Jumla 60,000. Ganda zima na vibomba vyake kilo 5.8, la zamani lilikuwa kilo 3.4. Gari imekuwa kimya, shemeji kafurahi.

2 Februari: limepasuka

Wiki mbili tu. Ganda lenyewe halina hata alama, kilichopasuka ni bomba la kuingilia, milimita kama 3 kutoka kwenye weldi, ufa umezunguka karibu nusu duara. Nililala chini ya gari na tochi nikautazama muda mrefu maana sikuelewa, mbona weldi ni nzuri? Mzee mmoja wa hapa Gerezani, fundi wa ekzosi wa siku nyingi, ndiye aliyenionyesha, akashika bomba akalitikisa kidogo akaniambia "mwanangu, umefunga jiwe kwenye fimbo."

Maelezo yake ni haya. Ganda zito la milimita 3 limeungwa na bomba la milimita 1.5, kila injini ikitikisika ganda halipindi hata kidogo, kwa hiyo kupinda kote kunaenda kufanyika kwenye bomba pale pale linapoanza kuwa jembamba. Halafu tukakuta makosa mawili ya zamani ambayo hata mimi sikuyaangalia: flekisibo (kipande cha bomba kinachopinda ili kumeza mtikisiko wa injini) ilishachomelewa ikawa ngumu kama bomba la kawaida (kuna mtu aliziba tundu kwa weldi), na raba ya kuning'inizia ya nyuma haipo. Yaani mtikisiko wote wa injini ulikuwa hauna pa kuishia.

Na tulipolifungua, pamba ya kioo robo yake haipo. Moshi umeichukua kidogo kidogo ukaipulizia nje. Pamba ile ni ya sailensa huko nyuma ambako kumeshapoa, huku mbele haifai kabisa.

Flekisibo mpya 30,000, raba shemeji kanunua mwenyewe. Kama unaiga hii kazi anza na hivyo viwili kabla hujagusa ganda.

9 Februari: stainless, na sumaku inayodanganya

Nimenunua nusu shiti ya stainless milimita 1.5, nikaambiwa dukani ni 304 (namba ya aina ya stainless), 130,000. Muuzaji akaipima na sumaku mbele yangu, haikushika, akasema unaona, hii ndiyo yenyewe.

Nikarudi nyumbani nikaweka sumaku kwenye kipande cha lile ganda la kiwandani lililooza. Imeshika! Nikashtuka, ina maana kiwanda kiliweka chuma cha kawaida? Nimesoma usiku mzima na jibu ni kwamba viwanda vingi vinatengeneza maganda ya ekzosi kwa stainless ya namba 409, ina kromi kama asilimia 11 na haina nikeli ya maana, na hiyo sumaku inaishika. 304 ina kromi 18 na nikeli 8, haishiki. Ila kuna 201 nayo haishiki, nikeli yake imepunguzwa ikawekwa manganizi, na inakula kutu haraka zaidi ya 304. Kwa hiyo sumaku haikwambii kama umeuziwa 201 au 304, na inaweza kukufanya utupe 409 ambayo ndiyo chuma chenyewe cha ekzosi.

Nimechukua chupa ya maji ya bahari Kigamboni. Vipande vitatu: cha shiti yangu mpya, cha ganda la kiwandani, na kipande cha 304 ambacho rafiki wa karakana ya vyombo vya jikoni kanipa na anakiamini. Vyote nimevichoma kwa gesi mpaka vikabadilika rangi, kila jioni nachovya, naacha vikauke usiku.

22 Februari: majibu ya maji ya bahari, na ganda la pili

Siku 13. Shiti yangu mpya imejaa madoa ya kahawia kama tetekuwanga, hata sehemu ambazo sikuzichoma. 304 ya rafiki ina mstari mwembamba tu pale moto ulipopita. Kile cha kiwandani kimekuwa kahawia juu juu, ukisugua kwa dole kutu inatoka na chini chuma kiko sawa. Sikusema dukani kwa sababu sina risiti iliyoandikwa namba. Funzo la 130,000, risiti iandikwe namba ya chuma.

Basi hiyo shiti mbovu nikaamua iwe ya mazoezi na ganda la pili limetokana nayo. Safari hii nimenunua mkeka wenyewe, ule wa kuzunguka masega, umekuja na kontena la watu wa Kariakoo kutoka China, 70,000 kwa kipande kinachotosha magari sita. Huu mkeka una madini ya vemikulaiti ndani, ukipata joto la juu ya kama nyuzi 350 unavimba na kuyakamata masega. Vaa barakoa ukiukata, na ulowanishe kidogo, vumbi lake ni vinyuzi vya kauri, si kitu cha kuvuta.

Masega mapya pia nimenunua, manne kwa 90,000 moja, kipenyo milimita 118.4, urefu inchi 4.

1 Machi: linagonga

Siku ya nne shemeji kapiga simu, "kuna kitu kinachezacheza humo ndani." Tumefungua. Masega yamezunguka kutoka tulipoyaweka, kingo zimeanza kusagika, mkeka upande wa kuingilia umeliwa na moshi kama panya kapita.

Mkeka hauna kosa. Shiti niliikata kwa kupima na kamba nikapata milimita 414, na nikaona si mbaya, tofauti ya milimita chache tu. Lakini hesabu ya duara ina ukali wake, ukizidisha milimita 6 kwenye urefu wa shiti umeongeza karibu milimita 2 kwenye kipenyo, yaani milimita 1 ya pengo kila upande. Pengo langu kati ya masega na ganda, pale mkeka unapokaa, lilikuwa milimita 6. Tena gari ilizunguka uwanjani tu bila mzigo siku ya kwanza, mkeka haukupata joto la kuvimba, masega yakaanza kucheza kabla hayajakamatwa.

8 Machi: nimebana mpaka yakapasuka

Hapa nilikuwa na hasira na hasira si kipimo. Nimenunua nusu shiti ya 304 ya kweli, 165,000, risiti ina namba. Tumezungusha shiti juu ya masega na mkeka wake, tukafunga mkanda wa kubania mizigo ya lori, ule wenye ratcheti, nikawa nabana huku nasikilizia mkono. Mi nilitaka isicheze tena kamwe. Nikavuta meno mawili zaidi, ikasikika "tak", sauti ndogo sana kama ya kuvunja biskuti. Nikajua. Tumefungua, ufa mwembamba kama unywele umepita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na unga mweupe chini. 90,000 imeondoka kwa sekunde moja.

Dogo aliyekuwa ananisaidia alikuwa amefunga, Ramadhani ilikuwa imeanza, na jua la saa nane Gerezani mnalijua, bado akakaa na mimi tukapima kila kitu na kalipa, kile kipimo cha milimita. Pengo lilikuwa limebaki milimita 3.

15 Machi: mizani ya jikoni

Siku hii ndiyo iliyouokoa mradi, someni kwa makini.

Shida ilikuwa kwamba nabana kwa hisia. Mkeka una kiasi chake cha kubanwa, ukiwa legelege moshi unaula, ukibanwa mno kauri inapasuka. Kiasi kizuri kwa mkeka wa aina hii na masega ya kauri ni uzito wa kama gramu 1 kwa kila sentimita moja ya ujazo baada ya kubanwa. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni (15,000), nikakata kipande cha mkeka sentimita 10 kwa 10, nikapima: gramu 41.

Sasa angalia. Kipande cha 10 kwa 10 kikibanwa kwenye pengo la milimita 6 kina ujazo wa sentimita 60, 41 gawa kwa 60 ni 0.68, ganda la pili, lililogonga. Pengo la milimita 3, 41 gawa kwa 30 ni 1.37, ganda la tatu, lililopasuka. Yale mawili yaliyokufa yote yameelezeka kwa mizani ya kupimia unga! Pengo la milimita 4, 41 gawa kwa 40, ni 1.02. Hapo ndipo pa kukaa.

Pengo la 4 maana yake kipenyo cha ndani ni 126.4, ongeza unene wa shiti, piga mara 3.14, unapata milimita 402. Kwa hiyo kata shiti 402 kamili, zungusha, bana na mkanda mpaka kingo mbili zikutane, basi, acha. Huhitaji kuhisi wala kusikilizia mkono. Kipimo kiko kwenye mkasi, na kijana aliyeanza kazi jana akikata 402 atapata pengo lile lile nililopata mimi.

Tahadhari moja, masega hayalingani. Pima kipenyo sehemu tatu, kila milimita 1 ikizidi au kupungua ongeza au punguza shiti kwa milimita 3.

Na joto je? 304 inapanuka kuliko 409. Ganda la kipenyo cha 126 likifika nyuzi 500 linaongezeka kama milimita 1, wakati kauri ya masega haipanuki karibu kabisa, kwa hiyo pengo linakuwa 4.5. Hiyo nusu milimita ndiyo kazi ya mkeka kuvimba na kuijaza. Ndiyo maana safari ya kwanza lazima gari ipewe mzigo, mlima, dakika 20 za moto wa kweli.

23 Machi: koni

Koni za kuunganisha ganda na bomba la inchi 2 zilinila siku tatu. Kwanza tulikata vipande kama petali za ua tukavichomelea, mishono minane kwa koni moja, inavuja na haiko sawa. Halafu tukajaribu kusukuma shiti kwa jeki ya tani 20 ndani ya habu ya zamani ya Fuso, shiti ikakunjamana kama kitambaa.

Nikarudi kwenye karatasi na bikari. Kutoka kipenyo cha 127 kushuka 52, nikiweka kimo cha milimita 65, urefu wa ubavu wake unakuja 75, na ukiifungua koni hiyo iwe bapa unapata nusu duara kamili! Nusu kipenyo cha nje 127, cha ndani 52. Ina maana unachora duara moja kwenye shiti, unatoa tundu katikati, unakata katikati, koni mbili zimepatikana, ya kuingilia na ya kutokea, na huhitaji pembe wala hesabu nyingine. Inakunjwa kwa mkono juu ya bomba, mshono mmoja tu. Mdomo mdogo unaufaili kidogo mpaka bomba liingie.

Usiifanye fupi zaidi ya hapo kuokoa shiti. Koni ikiwa fupi sana moshi unapiga katikati ya masega tu, vitundu vya pembeni vinakaa bure.

Kuchomelea: vijiti vya 309L vya milimita 2 (18,000, nimenunua kwa kupimiwa), hivi vinaunga stainless na bomba la chuma cha kawaida bila kupasuka. Ampia 50 hivi. Pointi (weldi ndogo za kushikiza) kwanza kila sentimita 2, halafu unaruka pande, ukienda moja kwa moja inapinda. Chini ya mshono wa ganda weka utepe wa shiti ili moto usifike kwenye mkeka.

Na mshono unakaa JUU. Wa ganda na wa koni zote. Maji yalale kwenye shiti nzima.

29 Machi: ngao ya joto, na homa

Chini ya sakafu lazima iwepo ngao, bila hivyo zulia linaungua na maji ya dimbwi yanarukia chuma cha moto. Dogo akachukua kipande cha bati la paa lenye zinki kwa sababu lilikuwa bure, akachomelea vishikio, karakana imefungwa nusu kwa ajili ya mvua. Moshi mweupe ukajaa. Sikumzuia, na hilo ni langu. Usiku kapata homa kali, anatetemeka chini ya mablanketi mawili na mdomo una ladha ya shaba. Kesho yake ikaisha, kumbe ni moshi wa zinki ndio unafanya hivyo. Watu hapa wanakunywa maziwa wakidhani yanasafisha, hayasafishi kitu, dawa ni kutouvuta. Tangu siku hiyo bati la zinki halichomelewi kwetu.

Ngao sasa ni bati la chuma lisilo na zinki, 6,000, imefungwa kwa bolti za milimita 6 na vipande vya bomba kuacha nafasi ya milimita 10. Matundu ya bolti upande mmoja tumeyafanya marefu ili ganda likipanuka liteleze.

12 Aprili: ganda la nne liko kwenye gari

Tumelifunga baada ya Idi. Safari ya kwanza ilikuwa kupanda Pugu, abiria wanane tuliowaomba (ndugu zetu), gia ya pili. Plagi tulibadilisha kabla, maana silinda ikikosa moto petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye masega na kuyayeyusha, hakuna ganda litakalokusaidia hapo.

Joto nimelipima na kile kipimo cha leza nikasoma nyuzi 140, nikaona haiwezekani. Stainless inang'aa na inakidanganya kipimo. Nimepaka doa la rangi nyeusi ya kuhimili joto, likakauka, doa hilo hilo likasoma 310, pembeni yake bado 140. Paka doa jeusi kabla ya kuamini namba yoyote.

24 Mei: baada ya masika

Wiki sita, madimbwi ya kila aina, kilomita 4,300 kwa geji ya gari. Leo tumelishusha. Nimeligonga kwa kiganja, halina sauti ya kitu kulegea. Shingo za koni nimezipaka mafuta ya taa, nikafuta, nikapaka chaki kutafuta ufa, hakuna mstari uliotokea. Kutu ipo kwenye flenji (sahani za kufungia bomba kwa bolti) za chuma cha kawaida, na doa moja kwenye weldi ambayo hatukuisugua vizuri. Kilo 3.6 na vibomba vyake.

Pesa zote za mradi: ganda la kwanza 60,000, shiti mbovu 130,000, shiti nzuri 165,000, mkeka 70,000, masega manne 360,000, vijiti 18,000, flekisibo 30,000, mizani 15,000, bati la ngao 6,000, ufundi wa maganda yaliyofuata 120,000. Inakuja 974,000. Ukianzia nilipofika mimi, ganda moja kwa bei za 2025 ni masega 90,000, mkeka 12,000, shiti 16,500, vijiti 5,000, bomba na flenji 15,000, ngao 6,000, ufundi 35,000, jumla 179,500. Kama masega yako ya zamani ni mazima, toa 90,000.

Gari ya pili ni ya jirani, tunaanza Jumamosi ijayo, yeye masega yake yana kipenyo cha 117.6 kwa hiyo shiti nimeshaiandikia 399.5 kwa chokaa.